Mashine Iliyoulizwa Nilipo

Waliomwangusha yule mama ni watu watatu. Majina yao siandiki hapa, kwa kuwa majina yao yana mawakili na langu halina. Nitawataja kwa kazi zao: meneja wa nyumba ya wazee, tajiri wa kampuni ya usafi, na bwana mmoja aliyewauzia ramani. Akisoma mmoja wao akajitambua, basi na ajitambue.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Shule yangu iliishia darasa la tano, vita vilipoifunga, na mengine nimeyasomea njiani. Nimepita vizuizi vya askari ambako swali lilikuwa moja tu: unatoka wapi, unaenda wapi. Wako wenzangu waliojibu vibaya, na wako huko huko hadi leo. Nilipopewa karatasi za kukaa Uingereza nilijiambia, haya, hilo swali nimelimaliza. Sikujua nitalikuta tena Wembley, likiulizwa na simu.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha sakafu katika nyumba ya kutunzia wazee, nyuma ya maduka ya Wahindi, mahali ambapo siku ya mpira makelele ya uwanjani yanaingia hata madirisha yakifungwa. Chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili alikaa mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu. Kiingereza chake kilikuwa kimeondoka pamoja na mambo mengine mengi ya kichwani. Zilibaki lugha mbili: Kigujarati cha kusali na kuongea na mwanawe, na Kiswahili cha kuagiza. Ujana wake wote Kiswahili alikitumia kwa mpishi, kwa dobi, kwa mlinzi. Kwa hiyo sasa akitaka maji, akitaka kwenda choo, akiumwa, kilichomtoka kilikuwa Kiswahili, na katika jengo zima aliyekisikia ni mimi mwenye ndoo.

Aliniita boi. Siku ya kwanza iliniuma, siwezi kusema uongo. Nina mvi, nina wajukuu, nimezika watu. Nikamwambia, "Mama, mimi si boi. Mimi ni baba wa watu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Haya, baba ya watu. Leta chai."

Nilicheka bila kutaka. Toka siku hiyo chai yake niliipitisha mimi, ingawa haikuwa kazi yangu.

Alikuwa na tabia moja iliyowachanganya wahudumu. Akihitaji mtu, aliita, "Hodi! Hodi!" akiwa ndani, amekaa kitandani, mlango umefungwa. Wahudumu, wengi wao watu wa Romania na Ufilipino, na wengine Waingereza, wakaamua kwamba Hodi ni binti yake. Ukutani juu ya kitanda kila mzee alikuwa na kadi inayoeleza anachopenda, ili mgeni asipate shida. Kwenye kadi ya yule mama waliandika kwamba anapenda chai ya tangawizi na anapenda kumzungumzia Hodi. Kuna muhudumu mmoja, binti mwema tu, alikuwa anamshika mkono na kumwambia kwamba Hodi atakuja Jumapili. Nilimweleza mkubwa wao kwamba hodi si mtu. Akasema asante sana, akaandika pembeni, na kadi ikabaki vile vile.

Siku moja nilimuuliza mwenyewe. Nikamwambia, mama, hodi ni ya mtu aliye nje, wewe uko ndani, unambishia nani? Akashangaa, kana kwamba mimi ndiye niliyepoteza akili.

"Mimi ndiyo iko nje," akasema. "Wewe ndiyo iko ndani, boi."

Sikumuuliza tena.

Zamani kila chumba kilikuwa na kengele ya waya ukutani. Ukivuta kamba, taa inawaka nje ya mlango. Meneja akaziondoa zote alipopaka nyumba rangi mpya, akawavisha wazee vifungo vya kuning'inia shingoni. Ukibonyeza kifungo, ujumbe unapita kwenye waifai, simu ya muhudumu inalia. Kilikuwa kitu kizuri, sikatai. Lakini kila kitu sasa kilikuwa kinapita kwenye mashine moja, seva ya kusimamia mtandao wa jengo zima. Ndiyo iliyotoa ruhusa kwa kila kifaa kuingia: simu za wahudumu, vifungo vya wazee, mizani, kila kitu. Ilikaa ndani ya kabati la chuma kwenye chumba kilekile tulichoweka sabuni na ndoo zetu. Ufunguo wa chumba nilikuwa nao mimi. Hilo ndilo kosa ambalo nyota yangu ilinifanyia.

Kisha ikaja ramani. Tajiri wa kampuni ya usafi ni mtu wa bara letu, Mkongo kama mimi, mzee wa kanisa tunalosali Lewisham, anakaa kiti cha mbele. Mbele za watu nilimwita papa, yaani baba, na yeye aliniita ndugu. Yule bwana wa ramani alimwonyesha kwamba watu wa usafi wakivaa beji maalumu, kila mmoja ataonekana kama nukta kwenye picha ya jengo. Tajiri akapenda. Meneja naye akapenda, akawavisha na wahudumu wake. Skrini moja ikawekwa ofisini kwa meneja, nyingine mapokezi, na wakubwa wote wakaiweka ramani kwenye simu zao. Tajiri alikuwa anatutazama hata akiwa kwake, anakunywa chai. Ukikaa chini kidogo kufunga kamba ya kiatu, simu inalia: ndugu, vipi, mbona umesimama?

Haukupita muda mtandao ukaanza kufa asubuhi, saa ambazo watu wote wako kazini. Ulikufa hivi: kwanza ramani inasimama, kisha simu za wahudumu zinaandika kwamba hazina njia, kisha kimya. Vifungo vya wazee vinabonyezwa na hakuna kinacholia. Mtu anakuja, anaizima seva na kuiwasha, inapumua kidogo, inakata tena.

Na mashine ikikata London, wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufagio. Meneja alituita, akasema kwa upole ule wao kwamba hamshutumu mtu, lakini huenda kuna anayechomoa waya ili achomeke mashine ya kusugulia sakafu. Wenzangu wote wakanitazama mimi mwenye ufunguo. Nikasema sijagusa. Akasema hakuna aliyesema kwamba nimegusa. Kesho yake nikaitwa kutia sahihi onyo.

Wiki hiyohiyo nilimkuta yule mama sakafuni, kati ya kitanda na choo. Mkononi ameshika kifungo, anakibonyeza, anaachia, anabonyeza. Midomo imemkauka. "Hodi," alisema aliponiona, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeanza kukata tamaa. Nilikibonyeza na mimi, kama mjinga, halafu nikatoka ukumbini kupiga kelele mpaka watu wakaja. Hakuvunjika. Nyonga ilivimba tu. Mwanawe alipokuja, meneja alimweleza kwamba kulikuwa na hitilafu iliyosababishwa na upande wa usafi. Mwanawe ni mwenye duka la vyombo vya jikoni huko Neasden, mtu wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa. Zamani alikuwa akinisalimia. Toka siku ile alinipita kama ukuta.

Kuanzia hapo nilikuwa najua jambo moja tu. Yule mama angeanguka tena, na kifungo kisipolia atafia pale chini.

Fundi aliyeletwa alikuwa mwanamke wa Kenya, umri wangu au karibu, amebeba kompyuta na koti la mvua. Kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwangu, niliambiwa nikae naye. Aliposikia Kiswahili changu akacheka.

"Kumbe ni Mkongo. Sasa niambie ukweli mzee, ulichomoa ama hukuchomoa?"

"Sikuchomoa, dada."

"Sawa. Kila jengo ninaloingia ni mtu wa usafi amechomoa. Kama ni kweli, nyinyi hamfagii, mnachomoa tu."

Alianza na umeme, akaona uko sawa. Akakagua waya mmoja mmoja, sawa. Akaiwasha seva upya, akaunganisha kompyuta yake, akawa anatazama namna inavyofanya kazi. Mwanzoni ilitulia. Kisha, wenzangu walipoanza kazi ghorofani, ikaanza kupanda, na feni zake zikavuma hadi ikabidi tuongee kwa sauti. Akasema mashine si mbovu, imelemewa. Sasa tutafute ni nani anayeilemea.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mistari inapita kwa kasi, sikuweza hata kusoma mmoja. Alisimamisha, akanionyesha kwa kidole. Lilikuwa swali lilelile, kutoka kwa mwulizaji yuleyule. Beji hii iko wapi? Beji hii iko wapi? Na hii?

"Nyinyi mmevaa beji?" akaniuliza.

Nikamwonyesha yangu. Akaguna.

Akanieleza, na alieleza vizuri, kwa sababu hakujifanya. Alisema seva ina mlango wa kupokelea maswali kutoka kwa programu nyingine. Wao wanauita API. Programu ya ramani inakuja pale kuuliza, na ingeweza kuuliza mara moja: nipe watu wote walipo. Haifanyi hivyo. Inauliza mtu mmoja mmoja, na kila skrini inauliza kivyake, na kila simu ya mkubwa inauliza kivyake.

"Wewe ukienda kwa mtu unapiga hodi, si ndiyo?" akasema. "Unangoja. Kukiwa kimya unapiga tena, unangoja. Ya tatu, unaenda zako. Hii kitu haina adabu hiyo. Inapiga hodi, haijajibiwa, inapiga ingine. Seva ikichelewa kujibu, inaona haijasikika, inaongeza. Wote wamejaa mlangoni wanapiga kelele, na mwenye nyumba hata nafasi ya kusema ngojeni hana."

"Na vifungo vya wazee?"

"Viko kwa foleni hiyohiyo. Nyuma."

Nilikaa kwenye ndoo. Yule mama alikuwa anapiga hodi mlango mmoja na simu ya tajiri, na simu ya tajiri ndiyo iliyokuwa mbele.

Nilimuuliza kwa nini basi ramani haizimiki mashine ikilemewa, mbona nukta zinabaki. Akasema zinabaki pale zilipoonekana mara ya mwisho. Ramani haisemi kwamba haijui. Inakuonyesha jibu la zamani kama la sasa.

Aliifungia programu ya ramani mlango, kwa muda tu, ili ajaribu. Feni zikashuka taratibu, chumba kikawa kimya. Akanituma nipande kwa yule mama nibonyeze kifungo. Nilipanda ngazi mbili mbili na magoti yangu haya. Nikabonyeza, na kabla sijaachia nikasikia viatu vinakimbia ukumbini. Yule binti mwema aliingia anahema. Mama akamtazama, akanitazama, akaniambia, "Huyu nani? Mimi nataka chai tu." Nilimletea chai na nikageukia dirishani, maana macho yalikuwa yamejaa.

Fundi aliirudishia ramani njia lakini akaipimia: iulize polepole, na isipojibiwa ingoje. Akamwambia meneja kwamba yule bwana wa ramani lazima airekebishe programu yake iulize mara moja kwa wote, na kwamba hicho kipimo kisiguswe mpaka hapo. Meneja akamshukuru. Tukapata siku nzuri kadhaa. Vifungo vililia.

Lakini nukta zilichelewa. Ukitoka choo, ramani ilikuwa bado inakuonyesha choo. Tajiri akalalamika. Yule bwana wa ramani akasema programu yake haina ugonjwa, ugonjwa ni wa mashine yao, waondoe kile kipimo. Na meneja akakiondoa. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimsikia mwenyewe mapokezi akisema kwa simu, sasa inakwenda vizuri, naona kila mtu. Nilimfuata tajiri kanisani baada ya ibada, nikamweleza habari ya vifungo, nikamsihi. Aliniwekea mkono begani.

"Ndugu," akasema, "mimi nimelipia ramani. Sikulipia giza."

Basi nikaanza kulinda mlango. Sakafu ya ukumbi ule niliisugua mpaka ikawa inateleza. Nikimaliza ghorofa nyingine nilirudi, nikasikiliza, nikamwita, mama, vipi? Akijibu naenda. Na beji yangu ikasema yote hayo. Nukta yangu iliganda palepale kila siku, na siku moja niliitwa ofisini nieleze kwa nini.

Meneja alikaa upande wake, skrini ya ramani ukutani nyuma yake. Tajiri alikuwa kwenye simu, imewekwa mezani ili wote tumsikie. Meneja akasoma mahali nilipokuwa na muda niliokaa. Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Nikiwa katikati niliinua macho, nikaona kwenye skrini nukta za watu zimesimama. Zote. Nilingoja mmoja asogee. Hakusogea mtu.

Nikasema, mashine imekata. Meneja hakugeuka. Akasema hatujamaliza. Nikasema, vifungo havilii sasa hivi, kuna mama kule juu. Nikainuka. Ndipo tajiri aliponisemesha kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Ndugu yangu, kaa. Usinitie aibu mbele ya Mzungu."

Na nikakaa. Mungu anajua kwa nini. Nilikuwa na onyo moja tayari, na huyu ni papa wa kanisa, na maisha yangu yote mtu akiniambia kaa kwa sauti ile nimekaa, ndiyo maana niko hai. Nilikaa, nikajibu tena maswali yaleyale, na nukta nyuma ya meneja bado zimesimama. Kisha mwili wenyewe ukainuka. Nilikimbia nikiwaacha wanaita.

Mlango wake haukufunguka. Nilisukuma kidogo nikahisi uzito laini upande wa pili, nikajua ni yeye. Alikuwa ameangukia mlangoni, alikuwa anautafuta. Ningesukuma ningemuumiza. Kucha zake zilikuwa zinakwaruza ubao, chini kabisa. Nikapiga magoti nje, nikaweka mdomo pale kwenye ufa.

"Hodi, mama."

Kucha zikaacha kukwaruza. Halafu, kutoka ndani, kwa sauti ya mwenye nyumba aliyepata mgeni:

"Karibu."

Ilibidi watoe mlango kwenye bawaba. Gari la wagonjwa likamchukua, nyonga imevunjika na kichwa kimegonga. Hakurudi. Nilizipata habari za kifo chake kwa yule binti mwema, tulipokutana kituo cha basi, kwa sababu wakati huo kazi sikuwa nayo tena. Nilifukuzwa kwa kutoka kikaoni na kwa uzembe ulioonekana kwenye ramani. Akaniambia na lingine, akilia: meneja amemwonyesha mwana wa marehemu ramani ya asubuhi ile. Inaonyesha muhudumu alikuwa karibu na chumba cha mama wakati wote. Muhudumu ndiye huyo binti, na wakati huo alikuwa ameshashuka jikoni.

Nilikwenda Neasden. Nilisimama nje ya duka lile muda mrefu, kati ya masufuria yaliyopangwa barabarani, mpaka mwenyewe akaniona. Nilitegemea atanifukuza. Alikuwa amenyoa kichwa kwa msiba, macho yamezama. Akaniambia niingie, akanipa kiti.

Kabla sijaanza, aliniuliza yeye. Alisema walimkabidhi vitu vya mama yake, na ile kadi ya ukutani ilikuwamo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa namwelewa, labda nitajua. Huyu Hodi ni nani? Wamewauliza ndugu wa Nairobi, wa Leicester, wa Toronto, hakuna anayemjua. Walitaka kumwita msibani. "Dada yangu mkubwa alifikiri labda mama alikuwa na mtoto mwingine," akasema, akaona aibu.

Nikamwambia si mtu. Nikamwambia ni neno unalosema mlangoni, ukiomba kufunguliwa.

Mteja aliingia, akamwashiria aje baadaye.

"Na alipokuwa anasema hivyo," akaniuliza, "alikuwa anafunguliwa?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza mashine, na foleni, na kipimo kilichoondolewa, na nukta zinazobaki pale hata kama mtu hayupo. Nikamweleza na mimi nilivyokaa kwenye kile kiti. Akavuta kiti chake karibu, akasema nimwambie ni akina nani. Safari hii niliwataja kwa majina.